Treni ya Sebuleni, ya Stesheni au SGR? Kuchagua Likizo ya Desemba kwa Watoto wa Mwanza

Shule zikishafungwa Desemba, simu ya mzazi inakuwa mali ya watoto, na humo ndani siku hizi wanakutana na video za treni ndogo. Kichwa cha treni kisichozidi kiganja kinavuta mabehewa kuzunguka mti wa Krismasi, kinazama kwenye handaki, kinaibukia upande wa pili penye mji mzima unaowaka taa. Halafu linakuja swali: "Baba, na sisi tutaenda kuiona wapi?"

Mwanza sijapata kuona maonyesho ya namna hiyo. Lakini reli tunayo, ziwa tunalo, na watoto wanaoweza kuunda gari kwa waya na ndala zilizokatika tunao tele. Mzazi wa hapa ana njia tatu za maana: kutengeneza maonyesho yake nyumbani, kuwapeleka watoto wakaitazame treni ya kweli hapahapa mjini, au kufunga safari hadi kwenye SGR, treni ya umeme ya reli mpya ya kisasa. Nazilinganisha kwa swali moja linaloamua karibu kila kitu: je, mtoto ataiona treni nzima?

Maana mtu mzima akisikia "treni" anawaza safari, mizigo na saa ya kufika. Mtoto wa miaka mitano anawaza kile kitu chenyewe, kichwa kikiwa mbele na mabehewa yakipinda kwenye kona moja baada ya jingine. Aliyeketi ndani ya behewa hayaoni hayo. Anaona dirisha na kisogo cha abiria wa mbele.

Wenzetu waliotangulia

Maonyesho mawili ndiyo yanayojaa kwenye hizo video, na hayafanani kabisa. Miniatur Wunderland ya Hamburg, Ujerumani, ilifunguliwa mwaka 2001 kwenye maghala ya zamani ya Speicherstadt, karibu na bandari. Karibu kila kitu humo kimepunguzwa mara 87: treni, malori, watu, hata uwanja wa ndege wenye ndege zinazokimbia njiani na kupaa. Upande wa Skandinavia kuna bahari ya maji halisi, kiasi cha lita 30,000, na meli zinatembea juu yake. Kazi kubwa inaendeshwa na kompyuta.

New York wamekwenda njia nyingine. Bustani ya mimea iitwayo New York Botanical Garden, iliyoko Bronx, imekuwa na maonyesho ya treni ya sikukuu tangu 1992. Treni zake ni kubwa kuliko za Hamburg, zinapita katikati ya mimea, na majengo maarufu ya jiji lile yameundwa kwa magome, majani, mbegu na vijiti. Hata daraja la Brooklyn limejengwa hivyohivyo.

Mwenye ndugu huko na safari yake ipo, aende, na akate tiketi mapema kwa sababu msimu wa sikukuu foleni si za mchezo. Kwa sisi tuliobaki, swali ni yupi wa kumuiga. Kuiga Hamburg kunataka fedha na miaka. Kuiga New York kunataka vilivyoanguka chini ya mti, na Desemba ndiyo mwezi ambao mkrismasi unachanua mwekundu kila mtaa wa Mwanza huku maganda yake marefu ya mwaka jana yakiwa bado yametapakaa chini.

Treni ya sebuleni

Hapa kuna treni za aina tatu, na wazazi huzichanganya.

Ya kwanza ni ya plastiki, ya betri, inayouzwa kwenye boksi lenye picha kubwa kuliko kilichomo ndani. Ina reli za kuunganisha zinazofanya duara, kichwa kimoja, mabehewa mawili au matatu, na mara nyingi wimbo wa Krismasi ambao kufikia jioni ya pili utakuwa umeukariri hadi unautamani ukimya. Ubora wake ni kwamba umeme ukikatika yenyewe inaendelea, na mtoto mdogo anaweza kuiwasha bila msaada wa mtu. Ubovu wake ni kwamba reli za plastiki hulegea kwenye maungio, na kipande kimoja kikivunjika hupati cha kununua peke yake. Kabla ya kulipa, fungua sehemu ya betri. Zikiwa zile za vidole, sawa. Zikiwa zile bapa zenye umbo la kifungo na kifuniko hakina skrubu, irudishe. Betri hizo mtoto akizimeza zinaweza kumchoma koo kwa ndani katika muda wa saa chache, na ni jambo la kukimbilia hospitali.

Ya pili ni ile anayotuma mjomba kutoka nje: ya umeme, reli za chuma, yenye kufanana na treni kweli. Kipimo kinachopatikana zaidi ni kilekile cha Hamburg cha moja kwa 87, chenye reli zilizoachana milimita 16.5. Umeme mdogo, kwa kawaida volti 12, unapita kwenye reli zenyewe, magurudumu yanauchukua na kuupeleka kwenye mota. Ukigusa reli hupati shoti. Hatari iko ukutani. Marekani umeme wa majumbani ni volti 120, hapa kwetu ni 230. Geuza adapta usome mgongoni. Ikiandikwa 100–240V, tafuta tu kichwa cha pini tatu, mambo yamekwisha. Ikiandikwa 120V peke yake, usiichomeke hata kwa kujaribu. Itaungua, na inaweza kuanza na moshi mbele ya watoto. Fundi atakutafutia adapta ya hapa yenye volti na aina ileile ya umeme unaotoka, au transfoma ya kushusha. Rahisi zaidi ni kumwandikia mapema: "Mjomba, shikamoo. Kama unatuma treni ya watoto, naomba ya Uingereza au Ujerumani, za Marekani zina umeme tofauti." Mjomba mwenye busara haoni vibaya.

Treni hii ina adui mwingine hapa kwetu: vumbi la kiangazi na unyevu wa ziwa. Reli ikishika uchafu, treni inaanza kukwamakwama, na mtoto anadhani imekufa. Futa reli kwa kitambaa safi kilicholowa spiriti kidogo. Msasa usiusogeze, unaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu zaidi.

Ya tatu ndiyo ninayoipigia debe. Ni maonyesho ya kutengeneza wenyewe, hata kama kinachozunguka juu yake ni ile treni ya plastiki. Hapo treni inakuwa kisingizio, kazi yenyewe ni kuijenga Mwanza.

Nunua karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, mwambie seremala aikate katikati. Nusu moja, futi 4 kwa 4, inatosha duara la reli za kipimo cha moja kwa 87 na nafasi ya mji pembeni. Milima inatengenezwa kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye uji mzito wa unga wa ngano, yakabandikwa juu ya maboksi yaliyokunjwa na kuachwa siku mbili yakauke. Juu ya milima hiyo weka mawe. Si ya kuchora, mawe yenyewe, kokoto za mviringo zilizobebana kama zilivyobebana Igogo na Mabatini, na katikati yake vijumba vya maboksi ya dawa ya meno vyenye paa la karatasi ya ng'aring'ari kutoka ndani ya pakiti za biskuti. Mtu wa Dar anayejenga treni ya Krismasi itabidi abuni milima. Wewe unachungulia dirishani tu.

Ufukweni linasimama jiwe moja refu lenye jingine mabegani, na mtoto yeyote wa mjini atalijua ni Jiwe la Bismarck kabla hujamwambia. Ziwa lipake rangi, juu yake upake gundi nyeupe. Ikikauka inang'aa kama maji. Bahari ya lita 30,000 waachie Hamburg, kwa sababu maji na waya za umeme sebuleni havipatani. Mti wa mkrismasi unapatikana kwa kijiti chenye matawi kilichobandikwa vipande vya karatasi nyekundu. Angalizo dogo: usipake gundi wala rangi usiku taa ikiwa imewaka na dirisha wazi wakati wale wadudu wa ziwa wamevuma. Asubuhi utakuta ziwa lako lina manyoya.

Wenye watoto wa darasa la tano na kuendelea, raha ya kweli iko kwenye hesabu ya kugawa kwa 87. Hiace ya meta 4.7 inakuwa sentimeta 5 na nusu hivi, kwa hiyo kasha la kiberiti likipakwa mstari ubavuni ni daladala karibu kamili. Bajaji inakuwa sentimeta 3. Mtu mzima hafiki sentimeta 2. Taruma la reli yetu ya zamani ni sawa na njiti ya kiberiti iliyokatwa katikati. MV Mwanza, meli ya meta 92.6, inataka boksi lenye urefu wa zaidi kidogo ya meta moja, yaani itachukua karibu upande mzima wa ubao, na hapo ndipo watoto wanapoelewa kwa mara ya kwanza ukubwa wa ile meli wanayoiona bandarini. Kisha waulize Daraja la JPM la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, lenye kilomita 3. Jibu linazidi meta 34. Litoke sebuleni, livuke uwanja, liingie kwa jirani.

Kuna jambo la reli pia. SGR ina upana wa milimita 1,435, na ukigawa kwa 87 unapata zile 16.5 za treni ya mjomba. Reli ya zamani inayoingia Mwanza ni ya meta moja, ambayo kwa kipimo hicho ingekuwa milimita 11.5. Maana yake treni ya kwenye boksi, kwa Mwanza, ni SGR. Mweleze hivyo mtoto atakayeuliza mbona haifanani na ile ya stesheni.

Gharama? Plaiwudi na gundi ndivyo vinavyokula hela. Vingine vimo ndani au njiani. Kinachotakiwa kwa wingi ni siku, na likizo ya Desemba inazo. Bibi akiwepo nyumbani, mpe kiti karibu na ubao. Waliosafiri kwa treni kwenda Tabora na Dar enzi hizo wana mambo ya kusimulia mikono ya watoto ikiwa kwenye gundi, na hawatasimulia mkiwa mbele ya televisheni.

Chumba kimoja cha kupanga si kikwazo. Ubao wa futi 4 kwa 4 unaweza kusimamishwa nyuma ya mlango, mradi mawe yamegundishwa vizuri na ni machache. Mawe ni mazito, na plaiwudi nyembamba inapinda.

Treni ya stesheni, na ile inayopanda meli

Kwenda kuitazama treni ya kweli ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, na kwa Mwanza ina kitu ambacho miji mingi haina. Reli ilifika hapa kutoka Tabora mwaka 1928, na mahali pa kuishia palikuwa ziwani kwa makusudi, ili mzigo ubadilishe chombo. Hadi leo stesheni na bandari ni majirani.

Treni ya abiria haiji kila siku. Pita stesheni uulize siku na saa kabla hujawavalisha watoto viatu, na rudi kuuliza tena siku yenyewe, kwa sababu njia ni ndefu, kama kilomita 1,200 kutoka Dar, na ucheleweshaji hutokea. Ukifika, salimia, jieleze kwa mkuu wa stesheni kwamba umeleta watoto kuangalia, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Mkono wa mtoto usiuachie kabisa, na msikae relini eti mnapumzika.

Kwenye jukwaa la stesheni mtoto anapata sauti na ukubwa: breki zinavyolia, ardhi inavyotetema, gurudumu lililomfikia kifuani. Hakuna mfano utakaompa hivyo. Ila kuiona treni nzima bado hawezi, iko karibu mno. Kwa hilo panda mlima. Kwenye miinuko ya mawe ya Igogo na Mkuyuni, ukiwa na mwenyeji anayejua njia, unaweza kuitazama reli kwa juu ikipita kati ya nyumba na ziwa, na treni ya kweli inakuwa ndogo, inapinda, inapotea nyuma ya mwamba na kutokea tena. Ni yale maonyesho ya kwenye video, bila tiketi. Mtoto wa chini ya miaka sita atachoka kupanda, na mvua ikiwa imenyesha miamba inateleza.

Halafu kuna MV Umoja. Hii ni meli ya mizigo iliyotandikwa reli kwenye sitaha. Inajipanga na gati, reli za meli zinakutana na reli za nchi kavu, na mabehewa yanasukumwa yanaingia ndani yakiwa na mzigo wake, yanavuka ziwa hadi bandari kama Port Bell ya Uganda, yanatoka na kuendelea na safari. Bandari ya Mwanza Kusini si mahali pa kuingia matembezi, na usijaribu kujipenyeza. Lakini mtoto akiiona hata kwa mbali, akaelezwa, usiku huohuo ataanza kuiunda kwa boksi la viatu. Kama mna ubao nyumbani, chora reli moja itoke kwenye duara ielekee ziwani, na gati lenu limeshapatikana.

Kupanda hiyo treni ya zamani kwa kipande kifupi, tuseme hadi Shinyanga kisha kurudi kwa basi, kunafaa kwa watoto wakubwa wasiolalamikia mwendo. Na mwendo huo wa polepole una faida yake: kwenye kona ndefu, ukikaa behewa la nyuma, kichwa cha treni unakiona kwa dirishani. Kichwa cha treni, narudia. Cha mtoto kibaki ndani.

SGR

Watoto wengi wanaposema treni siku hizi wanamaanisha SGR. Kipande cha Mwanza–Isaka, kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, kilizinduliwa ujenzi wake Juni 2021, na anayekwenda Misungwi anaweza kuwaonyesha watoto tuta lake eneo la Fela. Treni za abiria zenyewe zilianza upande wa pili wa nchi, Dar hadi Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata.

Kwa hiyo familia ya Mwanza inaanza na basi la alfajiri kutoka Nyegezi, inapita Shinyanga, Nzega na Singida, na Dodoma inaingia ikiwa imechoka. Siku nzima imeliwa kabla ya kuiona treni. Nauli zilizotangazwa 2024 kwa daraja la kawaida Dodoma–Dar zilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, wa chini ya hapo bure. Baba, mama na watoto wawili wa umri huo ni 93,000 kwenda tu, mbali na basi, chakula na malazi. Angalia nauli ya sasa kabla ya kupanga.

Unachonunua ni kasi. Inafika kilomita 160 kwa saa, imetulia, haina moshi kwa kuwa ni ya umeme, na baada ya siku nzima ya basi hata wazazi wanatabasamu. Mtoto wa miaka kumi atasimama chini ya kioo kinachoonyesha mwendo na kukisoma kwa sauti hadi Morogoro. Wa miaka minne atalala kabla ya Gulwe. Na kwa lile swali la mwanzo, SGR ndiyo inayoshindwa vibaya zaidi: abiria anaingia, anakaa, anashuka. Treni nzima haioni isipokuwa akifika mapema stesheni na kutembea nayo jukwaani kabla milango haijafungwa. Basi fikeni mapema.

Nairobi nayo inatajwatajwa, kwa sababu ya Makumbusho ya Reli yaliyoanzishwa 1971. Kwa mpenzi wa treni za mvuke ni pazuri sana. Pale kuna 5918, kichwa cha mvuke cha daraja la 59, kimoja kati ya 34 vilivyopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na chake ni Mount Gelai, mlima wa kwetu Tanzania. Lakini safari ya Sirari na hati za kusafiria za watoto si jambo la kuanza kupanga Desemba 20.

Mimi SGR ningeipanga kwa familia moja tu: ile ambayo tayari inakwenda Dar au pwani kula sikukuu. Hao nauli ya basi hadi Dodoma ilikuwa lazima hata hivyo, na wakishukia hapo wanapata treni kwa nyongeza ndogo. Wakate kwanza tiketi ya treni, ndipo watafute basi, na waweke usiku mmoja wa kulala Dodoma katikati. Basi likipasua tairi Manyoni, treni haiwasubiri.